Je, Mwamba Huoza? Uhakiki wa Lugha Tunayoitumia Kueleza Kuchakaa kwa Miamba

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, mwamba ni alama ya kitu kisichobadilika. Mtu shupavu huitwa mwamba. Chombo kilichopanda mwamba kimekwisha: aliyeumia ni mbao, mwamba umebaki pale pale. Picha hiyo ilizaliwa pwani, mahali ambapo neno hili humaanisha kwanza jabali la matumbawe linalovunja mawimbi, kisha ikasafiri na lugha hadi huku kwetu bara, ambako hakuna bahari wala matumbawe.

Jiolojia inatufundisha kinyume cha picha hiyo. Mwamba hubadilika, hupasuka, hulegea na mwishowe huwa mchanga na udongo. Kwa hiyo, kila mwalimu anayejaribu kulieleza somo hili kwa Kiswahili hujikuta anashindana na lugha yenyewe. Katika makala hii hatukusudii kumfundisha mwanajiolojia kazi yake. Kusudi letu ni kuhakiki maneno ambayo kwayo jambo hili huelezwa, na kuuliza iwapo maneno hayo yanaonyesha au yanaficha.

Tutachunguza kauli tatu ambazo msomaji wa maelezo ya kawaida ya jiografia kwa Kiswahili atazitambua mara moja. Ya kwanza: «Miamba humomonyoka kwa sababu ya mvua, upepo na jua.» Ya pili: «Mchana jua hutanua mwamba, usiku baridi huubana, na hivyo mwamba hupasuka.» Ya tatu: «Mabaki ya mwamba uliovunjika huitwa udongo.» Kila moja ina ukweli ndani yake, na kila moja ina kasoro. Tutajaribu kuonyesha kwamba kasoro hizo si za wanasarufi peke yao, kwani zinawagusa watu wanaoishi kwenye miteremko ya Kivu na wale wanaochimba ardhi ya Katanga.

2. Neno moja lililobebeshwa mizigo miwili

Kitenzi «momonyoka» ni kitenzi kizuri. Ukikitamka unasikia kingo za mto zikidondoka kipande kwa kipande. Ndani yake mna mambo mawili yaliyoshikana: kitu kinavunjika, na kile kilichovunjika kinaondoka. Ndiyo maana «mmomonyoko wa udongo» limekubalika kila mahali kuwa jina la kazi ya maji na upepo ya kuchukua udongo wa juu na kuupeleka kwingine. Na ndiyo maana watu wakasema pia «mmomonyoko wa maadili»: kilichokuwapo hakipo tena.

Tatizo ni kwamba mambo haya mawili, ambayo kitenzi kimeyashikanisha, katika maumbile ni kazi mbili. Kazi ya kwanza hufanyika papo hapo mwamba ulipo. Mwamba hupasuka, hulainika au hubadili umbo la madini yake bila kuhama hata hatua moja. Kazi ya pili ni uchukuzi: maji, upepo, barafu au uzito wenyewe wa mteremko huhamisha kile kilicholegezwa. Wanafunzi wetu, ambao husoma sayansi kwa Kifaransa, wanayo maneno tofauti mkononi: «désagrégation» kwa kuvunjika, «altération» kwa kubadilika, «érosion» kwa kuchukuliwa. Wakigeukia Kiswahili wanapewa neno moja, na neno hilo ni la uchukuzi.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo, maana mwisho wake ni ule ule. La hasha. Kazi ya kwanza inaweza kuendelea kwa maelfu ya miaka bila kitu chochote kuonekana kuhama. Kilima kinabaki kilima, lakini ndani yake kimelegea. Anayelijua neno la uchukuzi tu atatazama kilima hicho na kusema kwamba hakuna kinachotokea, kumbe yaliyo makubwa yamekwisha kutokea. Jambo hili tutalirudia.

3. Jua peke yake?

Kauli ya pili ina mvuto kwa sababu ni rahisi kuielewa. Kila aliyewahi kumimina maji yanayochemka katika bilauri baridi ameiona ikipasuka. Lakini mfano huu umeaminiwa kuliko ulivyopimwa.

Mwaka 1936, Mmarekani David Griggs alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alichukua kipande cha graniti kikavu, akakipasha joto na kukipoza karibu mara 90,000, tofauti ya joto ikiwa takriban digrii 110 za selsiasi. Ukihesabu kila mara kuwa siku moja, hiyo ni sawa na miaka 244 hivi ya mchana na usiku. Hakuna ufa ulioonekana. Kisha akabadili jambo moja: akakipoza kipande hicho kwa maji badala ya hewa kavu. Muda haukuwa mrefu dalili za kuharibika zikajitokeza.

Wasomi hawakuishia hapo. Walieleza kwamba kipande kidogo cha maabara kina nafasi ya kutanuka pande zote, ilhali jabali kubwa limebanwa na uzito wake. Mwezi Agosti 2014, huko Twain Harte, California, watu walishuhudia ngozi ya jabali la graniti ikipasuka kwa kishindo katika siku za joto kali. Kwa hiyo jua si mshtakiwa asiye na hatia. Lakini jaribio la Griggs limebaki na funzo lake: pasipo unyevu, joto hufanya kazi polepole mno, na mara nyingi kile tunachokiita kazi ya jua ni kazi ya jua na maji pamoja.

Hali kadhalika, kuna njia nyingine za kuvunjika ambazo kauli yetu ya pili imezisahau. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiwa ndani ya ufa mwembamba, husukuma kuta za ufa huo kwa nguvu nyingi. Kwetu Kongo jambo hili halihusu bonde wala tambarare. Linahusu vilele vya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109 na usiku maji huganda. Chumvi inayokauka ndani ya vinyweleo vya jiwe hufanya kazi inayofanana, na wenzetu wa pwani wanaifahamu kwenye kuta za kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mizizi ya miti hupanua nyufa. Tena, mwamba uliozaliwa chini ya uzito mkubwa, mzigo ule unapoondolewa juu yake, hutanuka na kuambuka magamba kama kitunguu.

Katika njia zote hizi, kinachotoka ni kile kile kilichoingia. Ukivunja graniti kuwa kokoto, kila kokoto ni graniti. Hili ndilo linalozitambulisha njia za kimaumbile, na hapa kitenzi «vunjika» kinatosha kabisa. Kauli ya pili, basi, si ya kufutwa. Ni ya kusahihishwa: iongezewe maji, na iondolewe ile sauti ya kudai kwamba imemaliza habari yote.

4. Kuoza, au kutooza?

Tufikie sasa upande wa kikemikali, ambako Kiswahili chetu cha darasani kimenyamaza zaidi. Maji ya mvua si maji matupu. Yakipita angani huchukua hewa ukaa na kuwa asidi dhaifu, na yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua zaidi. Asidi hiyo huyeyusha mawe ya chokaa na kuacha mapango. Katika graniti, hushambulia madini ya felspa na kuyageuza udongo wa mfinyanzi, lakini hushindwa karibu kabisa na kwatsi, ambayo hubaki kuwa mchanga. Oksijeni nayo hushika chuma kilichomo katika madini na kukigeuza kutu. Wekundu wa ardhi yetu ya Katanga ni wekundu wa kutu hiyo. Kazi zote hizi huenda kasi zaidi penye joto na maji mengi, na kwa sababu hiyo nchi kama yetu ni nchi ya kikemikali kuliko kimaumbile.

Kazi hii tuiite nini? Baadhi ya wasemaji husema kwamba mwamba «umeoza», na walimu wa sayansi huwasahihisha wakidai kwamba kuoza ni kwa viumbe hai na mazao yao: nyama, embe, mti. Sisi tunaona kwamba msemaji ana haki zaidi ya mwalimu. Tazama jino. Kiswahili husema «jino limeoza», na hakuna anayekipinga. Jino ni madini kwa sehemu kubwa, na kinachoharibu jino ni asidi inayoyeyusha madini hayo. Basi lugha yenyewe imekwisha kutupa kibali: kitu kigumu kilicholiwa na asidi, kikabaki na umbo lake huku kikipoteza ugumu wake, kimeoza.

Na hivyo ndivyo mwamba ulivyo. Ukichimba katika nchi ya joto na mvua, mara nyingi utakutana na tabaka ambalo kwa macho ni mwamba: mistari yake ipo, mishipa ya kwatsi ipo, hata mpangilio wa chembe upo. Ukiligusa kwa jembe, linakatika kama jibini. Hakuna kilichohama, na hakuna kilichomomonyoka. Neno «kuoza» linaeleza hali hii kwa usahihi ambao hatuupati katika neno lingine lolote la Kiswahili tulilolipima.

Hata hivyo, mhakiki asiyeona upungufu wa neno alipendalo hajahakiki. Upungufu wa «kuoza» ni huu: linasikika kama mwisho. Kilichooza hutupwa. Lakini kuoza kwa mwamba ni uzazi pia, na hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko hapa Katanga.

5. Rangi ya kijani ya Katanga

Chini kabisa, shaba ya Katanga imo katika madini ya sulfidi, yaani shaba iliyoungana na kiberiti. Maji yenye oksijeni yalipoteremka kutoka juu, yaliyashambulia madini hayo, kiberiti kikawa asidi kali, na asidi ikaichukua shaba katika maji. Lakini miamba inayozunguka madini hayo ina dolomiti kwa wingi, na dolomiti huizima asidi. Asidi ilipozimwa, shaba haikuweza tena kubaki ndani ya maji. Ikatulia kwenye nyufa na mashimo, safari hii ikiwa imeungana na kaboni, na kuwa malakiti, lile jiwe la kijani linalojulikana na kila mtoto wa Likasi na Kolwezi. Kobalti nayo ilibaki juu katika heterogeniti, ambalo ni jiwe jeusi.

Tuzingatie maana yake. Malakiti ina shaba kwa takriban asilimia 57, tena huyeyushwa kwa moto wa makaa bila taabu kubwa, ilhali sulfidi hudai kuchomwa kwanza ili kiberiti kitoke. Wafua shaba wa kale wa nchi hii, wale ambao Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita «wala shaba», walitumia jiwe hilo la kijani na kutengeneza misalaba iliyosafiri mbali katika biashara. Mwaka 1892 Jules Cornet alipofika kuichunguza ardhi ya Katanga, wenyeji walikuwa wameyajua machimbo hayo kwa muda mrefu. Mwaka 1911 tanuri la kisasa la Lubumbashi lilipotoa shaba yake ya kwanza, lililishwa madini ya juu yaliyokwisha kubadilishwa na maji na hewa.

Ndiyo kusema kwamba historia yetu ya kazi na biashara, na ya mji huu wenyewe, ina deni kwa kuchakaa kwa miamba. Sayansi imelitambua deni hilo kwa namna yake: madini mawili ya tabaka hilo la juu yamepewa majina ya miji yetu, likasiti mwaka 1955 na kolweziti mwaka 1980. Mtu akiuambia ulimwengu wa wanamadini «Likasi», anataja kitu kilichozaliwa pale mwamba ulipoharibika.

Kwa hiyo kauli ya tatu, inayosema kwamba udongo ni «mabaki», inahitaji kusahihishwa pia. Mabaki ni kile kilichosalia baada ya kitu kuliwa. Mchanga wa kwatsi ni mabaki kweli. Lakini udongo wa mfinyanzi si mabaki, na malakiti si mabaki. Hivyo ni vitu vipya, ambavyo havikuwamo katika mwamba wa kwanza. Tena udongo wenyewe haukamiliki bila majani yaliyooza, minyoo na mchwa. Mwalimu anayesema «mabaki» amemnyima mwanafunzi nusu ya somo.

6. Goma na Bukavu: somo la muda

Anayetaka kuona kazi hii ikiwa changa na ikiwa imekomaa, na asafiri kutoka ncha moja ya Ziwa Kivu hadi nyingine. Goma imekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimimina lava hadi katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ikamimina tena hadi viungani. Mawe ya huko ni meusi, makali, yanayokata viatu, na watu huyapanga kuwa kuta za viwanja. Juu yake kuvu na ndege wameanza kazi yao, lakini bado ni mwanzo.

Bukavu nayo imejengwa katika nchi ya volkano, lakini basalti zake zina umri wa mamilioni ya miaka. Mvua imepata nafasi. Sehemu kubwa ya kile kilichokuwa jiwe jeusi sasa ni udongo mwekundu, mzito, wenye mfinyanzi mwingi, unaonywa maji na kuvimba. Unalimika vizuri, na ndiyo sababu watu wameujaa. Vile vile unateleza, na nyumba za vilima vya Bukavu hupasuka kuta kwa sababu hiyo.

Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe, magharibi ya ziwa hilo hilo, mvua kubwa iliporomosha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400. Habari zilizotangazwa kwa Kiswahili zilisema mvua imeua. Ni kweli kwamba mvua ilikuwa sababu ya siku ile. Lakini mteremko mgumu ukinyeshewa mvua hiyo hiyo hutoa maji, hautoi matope. Ili matope yapatikane, kazi ya kwanza, ile isiyo na jina katika maelezo yetu, lazima iwe imetangulia: ardhi imelegea tangu zamani. Mvua ilibisha hodi kwenye mlango ambao bawaba zake zilikuwa zimekwisha kuliwa.

Hali kadhalika kwa wachimbaji wa mikono wa Kolwezi. Mwezi Juni 2019 kuta za mgodi karibu na mji huo ziliporomoka na kuua watu wasiopungua 36. Hatusemi kwamba msiba ule ulikuwa na sababu moja. Tunasema jambo la jumla, ambalo kila mchimbaji atalithibitisha: mtu huweza kuchimba kwa sururu na mikono kwa sababu tabaka la juu limelainika. Ulaini ule ule unaompa njia ya kuingia ndio unaomnyima ukuta wa kumlinda, hasa katika miezi ya mvua. Akiambiwa kwamba anaingia katika «mwamba», neno hilo linamwahidi uimara ambao haupo. Akiambiwa «mwamba uliooza», ameambiwa ukweli, na amepewa onyo.

7. Pendekezo

Hatupendekezi kuunda maneno mapya. Maneno tunayo, kinachokosekana ni kuyagawia kazi. Tunapendekeza yafuatayo, na tunayaweka mbele ya wasomaji wayakosoe.

Kwanza, jina la jumla liwe «kuchakaa kwa miamba». Nguo huchakaa ikiwa mwilini au ikiwa sandukuni, kwa kusuguliwa au kwa jasho na jua, na haihami ili ichakae. Neno hilo linabeba muda, linabeba njia zote mbili, na halidai uchukuzi. Pili, chini ya jina hilo, «kuvunjika» litumike kwa njia za kimaumbile, na «kuoza» kwa njia za kikemikali, kila mara mwalimu akikumbusha kwamba kuoza huku huzaa. Tatu, «mmomonyoko» liachiwe kazi yake ya asili, yaani kuchukuliwa kwa kile kilichokwisha kuchakaa, na «maporomoko» libaki kwa kushuka kwa ghafla. Mwanafunzi akiyashika maneno haya matano, ataweza kueleza kwa mfuatano: mwamba umechakaa, umevunjika hapa na kuoza pale, na sasa unamomonyoka au uko tayari kuporomoka.

Yuko atakayepinga kwamba «kuchakaa» ni neno la nguo na viatu, halina heshima ya kitaaluma. Tunamjibu kwamba heshima ya neno la kitaaluma hutokana na kazi linalofanya. «Mmomonyoko» nalo lilianza kama neno la kingo za mto.

8. Hitimisho

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Methali hii inajua mengi kuhusu kuvunjika, lakini haijui kuoza, kwa maana gogo linaweza kwisha bila hata kubanduliwa. Linakaa pale pale, lina umbo lake, na siku mtu anapolikalia linafumuka chini yake. Mwamba pia una njia hizo mbili za kwisha, na ya pili ndiyo iliyo kubwa katika nchi yetu. Lugha inayofundisha njia ya kwanza tu inawaacha wasemaji wake wakiukalia mwamba kwa imani.

Wenzetu wa jiolojia wameifanya kazi yao. Ni zamu ya sisi tunaojishughulisha na Kiswahili kuhakikisha kwamba matokeo ya kazi hiyo yanamfikia mkulima wa Kalehe na mchimbaji wa Kolwezi kwa maneno ambayo wataweza kuyatumia wanapotazama mteremko ulio juu ya nyumba au ukuta ulio mbele ya sururu.